Mkalimani wa Kimya

Shangazi Mwantumu alipigwa kofi na maneno yake mwenyewe, tena mbele za watu, tena msibani.

Asubuhi tulitoka kwetu Bondeni tukapanda mtaa wa Juu, yeye na kiroba cha unga wa muhogo kichwani, mimi na mzigo wa kuni begani. Mzee Sebo alikuwa amefariki jana yake, na Mkongeni nzima inajua kwamba penye msiba sufuria ya bada, ugali wa muhogo, ni ya shangazi yangu. Hakuna aliyempa cheo hicho. Msibani kila mwanamke ana kazi yake na kazi hiyo haiombwi: huyu huchota maji, yule hupokea wageni, Shangazi husonga bada. Ukifika ukakuta mwiko uko mkononi mwa mwingine, umeshaambiwa jambo, hata kama hakuna aliyefungua kinywa.

Tulimkuta mjane, Mama Sebo, amekaa mkekani. Shangazi akapiga magoti amshike mikono. Mama Sebo akaiingiza mikono yake ndani ya kanga.

"Kumbe umekuja," alisema.

"Nisije vipi, Mama Sebo?"

"Si uliandika hutafika."

"Niliandika wapi mimi?"

"Ukumbini. Mji mzima umesoma."

Akanyoosha kidevu kuelekea ukutani. Kila nyumba ya Mkongeni ina ubao wa Ukumbi, na ubao hauzimwi. Unawaka kuanzia asubuhi kama redio za babu zetu. Humo ndimo tunamojadiliana na kuamua mambo ya mji. Chini ya tangazo la kifo zilijipanga salamu za pole, na katikati yake hii hapa: *Poleni sana wafiwa. Mungu awape subira katika kipindi hiki kigumu. Kwa bahati mbaya sitaweza kufika. Mwantumu wa Bondeni.*

Shangazi yangu hajaandika hata nukta Ukumbini tangu Ukumbi uanze. Anasoma tu. Anasoma mabishano ya mifereji, anasoma harusi, anasoma watu wanavyotukanana kwa adabu. Akisoma kwamba fulani anaumwa, hasemi kitu. Utamwona anafunika bakuli la uji na kutoka. Pole yake ina miguu.

"Huyu si mimi," alisema.

"Jina ni lako."

"Jina ni langu, lakini huyu si mimi!"

Huko jikoni mwiko ulikuwa mkononi mwa mwanamke mwingine. Yule akageuka na kutabasamu kwa huruma iliyokuwa mbaya kuliko tusi. "Usijali, Bi Mwantumu. Siku hizi kila mtu ana shughuli zake. Tunaelewa."

Mlangoni alisimama Kaniki, mdogo wake marehemu, mtu wa makamo ambaye sijawahi kumsikia akitamka zaidi ya salamu. Alinipokea kuni bila kunitazama usoni.

Shangazi akaacha kiroba kizingitini. Tuliteremka hadi tukavuka daraja la Bonde, na hakusema neno. Mimi nilisema ya watu wawili.

*

Jina langu ni Singano, na kama wewe ni mtu wa Mkongeni unanijua, upende usipende. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kuhesabu mizani nikiwa juu ya mashine ya kukatia mkonge, kwa mtikisiko wake, na bado siogopi kulumbana na yeyote aliyesomea. Ukumbini kila mtu huonekana kama taa, na taa zetu sisi wasemaji ni nyekundu. Taa za wanaosoma bila kuandika ni za buluu, na ndio wengi; watu huwaita Mabuluu. Mimi nilizoea kuziona zile taa zikinizunguka kila nipandishapo shairi, nikijua kwamba watu wangu wapo.

Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya Ukumbi, kwa Nakijwa. Ni mhandisi sasa, lakini tuliketi dawati moja shule ya msingi, kwa hiyo hakuna anayemwogopa mwenzake.

"Mshairi!" alisema bila kuinuka. "Umekuja na beti ngapi?"

"Nimekuja na tusi moja. Nani ameipa mashine yako ruhusa ya kumwandikia shangazi yangu?"

"Anaitwa Mkalimani. Na ruhusa ilitolewa na Ukumbi. Ulikuwepo siku hiyo, sema ulikuwa unatunga shairi la kumkejeli mwenyekiti."

"Tulikubali awasaidie wasioweza kuandika!"

"Tulikubali awasemee wanaonyamaza. Karudie kusoma." Akanisogezea kiti. Sikukaa. "Sikiliza, Singano. Mtu akisoma, jicho halitembei sawasawa. Linaruka, linatua, linarudi nyuma. Mboni inapanuka. Ubao unaona yote hayo. Mkalimani amejifunza kutoka kwa watu waliosoma kisha wakaandika: macho yao yalifanya nini kabla hawajasema ndiyo, na yalifanya nini kabla hawajasema hapana. Sasa akimkuta mtu anasoma halafu haandiki, anammalizia."

"Anammalizia!"

"Shangazi yako alisoma tangazo la msiba mara moja, akaondoka mbele ya ubao, hakurudi. Watu wanaofanya hivyo mara nyingi huwa hawaendi."

"Aliondoka kwenda kutafuta unga wa kupeleka msibani, mwana wee!"

Nakijwa akautazama ubao wake. "Hilo Mkalimani hawezi kuliona," alisema. "Unga hauko kwenye ubao."

Alisema hivyo bila kuona haya, kama mtu anayekueleza kwamba paa linavuja kwa sababu kuna mvua. Nilimwambia anionyeshe mengine ambayo shangazi yangu "ameyasema". Akasita, kisha akafungua. Yalikuwa mengi. Amempongeza mtu asiyempenda. Ameunga mkono ushuru wa taka. Na mwisho kabisa, chini ya hoja ya bwawa: *Nakubali Bonde lijazwe maji. Ni kwa faida yetu sote. Mwantumu wa Bondeni.*

Lazima nikueleze hoja hiyo, maana ndiyo iliyokuwa imening'inia juu ya vichwa vyetu. Juu hawana maji ya maana. Wakubwa wa mji walitaka kuziba Bonde kwa ukuta na kulifanya bwawa, na sisi tunaoishi humo tuhamishiwe kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, penye miiba na jua. Sheria ya Ukumbi inataka nusu ya watu wa mji watoe kauli ndipo uamuzi uwe uamuzi. Mara mbili hoja hiyo ilikuwa imekufa kwa sababu Mabuluu hawakusema kitu. Safari hii kauli zilikuwa zimevuka nusu tayari, na hoja ilikuwa inafungwa alasiri ile ile.

"Amelisoma tangazo la bwawa kuliko mtu yeyote mjini," Nakijwa alisema. "Anarudi, anarudi tena, mboni zimepanuka. Kwa kawaida anayerudia jambo limemgusa, analipenda."

"Nakijwa. Kwenye tangazo lile kuna picha ya Bonde. Kwenye picha ile kuna nyumba yetu. Mwanamke anaitazama nyumba yake kabla haijazama, na wewe unamwandikia kwamba amefurahi!"

Sauti yangu ilitoka nje ya dirisha. Niliwaona watu barabarani wakisimama. Basi na yeye akainuka.

"Haya, umefoka, sasa nisikilize. Kabla ya Mkalimani nani alikuwa anaamua hapa? Ninyi taa nyekundu kumi. Mnabishana mchana kutwa, mnapongezana, halafu mnasema mji umenena. Mara zote mbili bwawa umeliua wewe kwa mashairi yako, ukisema Mabuluu wako nyuma yako. Nani alikuambia? Watoto wa Juu wana meno ya kahawia kwa maji ya magadi, wazazi wao wanakusoma kila siku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukuandikia kwamba anakubaliana na wewe. Wewe ukakitafsiri kimya chao kuwa makofi. Mimi angalau nimejaribu kuwauliza."

"Umeyauliza macho yao!"

"Wewe hujauliza chochote."

Nilikivuta kile kiti alichonisogezea, nikakaa.

"Haya, kauli ya uongo inafutwaje?" niliuliza mwishowe.

"Kwa njia mbili. Mwenyewe aandike kwa mkono wake kwamba anakataa. Au azime ubao wake aondoke Ukumbini. Asiyekuwepo hasemewi, hiyo ni sheria, na kauli aliyoandikiwa inafutika. Lakini nani anazima ubao Mkongeni?" Aliketi tena, akanitazama kwa namna ya ajabu. "Ipo njia ya tatu, ila hiyo ni yako peke yako."

"Ipi?"

"Vina. Macho ya watu hurudi penye kina, wanarudia mstari ili wausikie. Mkalimani akiona kurudia kule, anaandika 'nakubaliana'. Pandisha shairi moja zuri la kupinga bwawa kabla ya alasiri, Mabuluu wote watageuka kuwa wako, bila wenyewe kujua. Nashangaa hujaligundua hilo."

"Kwa nini unaniambia?"

"Nataka nione utafanya nini," alisema.

*

Nilimkuta Shangazi anasonga bada. Alikuwa amewasha moto mkubwa uani na kutia maji na unga wetu wa akiba kwenye sufuria lake la misiba, lile ambalo halienei jikoni mwetu. Jasho linamtoka, mwiko anaushika kwa mikono miwili.

"Bada la nani hilo?"

"La Mama Sebo."

"Si wamekufukuza?"

"Aliyefukuzwa ni yule aliyeandika. Mimi sijafika bado."

Nilimweleza yote: macho, mboni, picha ya nyumba, kauli ya bwawa. Alisikiliza bila kuacha kusonga. Nilipomaliza, niliteremsha ubao mdogo kutoka ukutani nikamwekea mbele ya kigoda.

"Neno moja tu, Shangazi. Andika *nakataa*. Yote yatafutika."

"Siandiki."

"Kwa nini? Nyumba hii inakwenda majini!"

"Naijua nyumba yangu inakokwenda, usinipigie kelele." Alipangusa paji la uso kwa kiwiko. "Nikiandika leo kwamba nakataa, maana yake nimekubali kwamba jana niliponyamaza nilikuwa nimesema ndiyo. Na kesho je? Nitakuwa nakesha mbele ya ubao huo, nakana, nakana, kama mtu aliyeshtakiwa. Mimi sijasema kitu. Kwa nini nijitetee?"

Niliona nitapasuka. Kuna ukaidi ambao hata mkaidi kama mimi hauwezi. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango na kuanza kutunga, nalo shairi likaja kama maji yaliyovunja tuta, bila kutafuta:

*Bondeni kuna milango, kila mlango na jina,*
*Si mawe wala udongo, ni jasho la baba, nina,*
*Atakayekaza shingo, asiseme hakuona,*
*Wekeni chini mipango, bonde letu lina jina.*

Nilijua ni zuri. Nilijua hasa ni wapi jicho lingerudi, pale penye *shingo*, na tena pale penye *jina*. Nilimsomea kwa sauti. Shangazi ndiye msomaji wangu wa kwanza tangu nilipoandika beti mbovu zisizotimia mizani. Hajawahi kusifu, ila huinamisha kichwa kidogo likimpendeza. Akakiinamisha.

"Zuri," akasema kabisa. Nikashtuka. "Sasa unalipeleka?"

"Nalipeleka. Nakijwa mwenyewe kaniambia. Watu wakilisoma, Mkalimani atawaandikia kwamba wanakubaliana na mimi. Wote, Juu na Bondeni. Tumepona."

Mwiko ukasimama.

"Na Mama Sebo?"

"Mama Sebo vipi?"

"Amefiwa, anakunywa maji ya magadi, ana wajukuu. Akilisoma shairi lako kwa uzuri wake, ataambiwa amesema nini?"

"Shangazi, wao ndio walioanza!"

"Sikukuuliza nani ameanza."

"Basi wewe unakubaliana na mimi au hukubaliani? Sema!"

"Nakubaliana na wewe. Nyumba ni yangu." Aliinama, akaushika ule ubao, akaugeuza uso chini juu ya kigoda kama mtu anayefunika chakula. "Na shairi lako silisomi. Lipeleke, lakini mimi silisomi."

Nimetukanwa Ukumbini kwa kila namna. Nimeitwa kasuku, nimeitwa mtoto wa trekta, na nikacheka. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia kuona mgongo mweusi wa ule ubao. Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia kwamba kimya chake ndicho kinachotuzamisha, kwamba wanyamavu wa mji huu ni waoga, wanakula matunda ya midomo ya wengine. Alirudi kwenye sufuria. Nami nikiwa bado nafoka, nikasikia ninachokisema. Nilikuwa namwambia shangazi yangu yale yale aliyoambiwa na Mkalimani: kwamba nayajua yaliyo ndani ya kimya chake kuliko yeye.

Kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika kwenye meko. Alasiri ilikuwa karibu.

Nikalifuta shairi. Usidhani ilikuwa rahisi. Niliona kama ninamzika mtu mzima anayepumua. Nikaandika maneno makavu, bila kina hata kimoja:

*Mimi Singano wa Bondeni. Nakataa bwawa, na kauli hiyo ni yangu peke yangu. Unaposoma hapa, Mkalimani anakutazama macho, na ataandika kwa jina lako jambo ambalo hukulisema. Kama una la kusema, liandike kwa mkono wako, hata kama ni kunitukana. Kama huna, au unalo na hutaki kulisemea hapa, zima ubao uondoke. Usinisome.*

Nikayapandisha.

Kilichofuata kilikuwa kichekesho cha kutia kichefuchefu. Mkalimani aliwaona watu wanasoma, akaanza kuwasemea. *Hoja nzuri sana, ndugu Singano. Nakubaliana nawe, tuzime mbao zetu. Umenena vyema, kaka.* Yalimiminika kwa majina ya watu ninaowafahamu, watu ambao hawajawahi kuniita kaka. Yule kiumbe alikuwa anawasemea watu kwamba wasisemewe!

Halafu taa moja ya buluu ikazimika, na kauli yake ikafutika nayo.

Ikafuata nyingine. Upande wa Juu likatoweka fungu zima, kama mtaa uliokatiwa umeme. Mtu mmoja aligeuka mwekundu kwa mara ya kwanza, akaandika kwa makosa ya herufi kwamba mashairi yangu ni marefu mno, na kwamba amekuwa akitaka kuniambia hivyo kwa miaka, kisha akazima. Mwingine akaandika: *Nataka bwawa. Narudia, NATAKA bwawa, na hili nimeliandika mimi.* Taa za buluu ziliendelea kupukutika hadi tukabaki sisi wale wale, nyekundu chache tukitazamana kwenye ukumbi mtupu. Sikujua wangapi wameondoka kwa sababu wamenielewa, na wangapi kwa sababu wamenichoka. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na namna ya kujua, na sikuwa na haki ya kukisia.

Ujumbe wa Nakijwa ukaingia: *Kauli hazikufika nusu. Hakuna uamuzi. Lakini maji bado ni ya magadi, mshairi.*

"Umemaliza?" Shangazi aliuliza. "Njoo unitwishe."

*

Juu, ubao wa Mama Sebo ulikuwa mweusi. Chumba kilionekana kikubwa bila mwanga wake, na watu walikuwa wakizungumza kwa sauti za chini, wakiangaliana. Shangazi alipita katikati yao na sufuria lake kichwani, akalitua jikoni, akamnyang'anya yule mwanamke mwiko bila kumtazama.

Mama Sebo alimwangalia kwa muda mrefu. "Bada lako limechelewa," alisema.

"Nilitanguliwa na mtu," Shangazi akamjibu.

Mama Sebo akasogea, akaacha nafasi kwenye mkeka.

Mimi nilibaki nje, nikisubiri angalau mtu mmoja anipe mkono. Aliyekuja ni Kaniki, na mkononi alikuwa na kikombe cha bati.

"Nilizima," alisema.

"Ahsante sana, Mzee Kaniki."

"Usinishukuru. Sikuzima kwa ajili yako." Akanipa kikombe. "Kunywa."

Nikanywa. Maji yalikuwa na uchungu wa majivu, mazito, yakashika koo. Nilitaka kutema, lakini alikuwa ananitazama, nikameza.

"Nimekusoma tangu shairi lako la kwanza, kijana," alisema. "Yote nimeyasoma, na mengi ni mazuri. Nilikuwa nayasoma huku nimeshika kikombe hiki." Alivuta kigoda, akakiweka mbele yangu, akakaa. Nilimtazama vizuri. Mtu huyu alikuwa na hasira, hasira ya miaka, na ilinielekea mimi. "Sasa sema. Uso kwa uso, bila vina."

Kinywa kilikuwa kimejaa magadi. Nilikuwa na maneno. Mimi sikosi maneno. Niliyarudisha chini pamoja na yale maji, nikakaa chini, mbele ya kigoda chake.

"Anza wewe, mzee," nilimwambia.